Usiku wa Fundi Una Bei

Kila mwaka kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kushuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, Bandari ya Mtwara hukesha. Malori hupanga foleni kuelekea getini, wapakizi hubadilishana zamu, na gatini hufunga meli zilizokodiwa kwa mkataba. Ndani ya mkataba wa kukodi meli huandikwa muda wa kupakia. Muda huo ukipita na mzigo haujakamilika, aliyeikodi hulipa kwa kila siku inayozidi. Watu wa bandari huiita demareji. Mwenye meli haombwi avumilie, wala haambiwi "sisi ni ndugu, tutamalizana". Hulipwa kwa sababu bei ya kusubiri iliandikwa kabla meli haijang'oa nanga.

Toka hapo bandarini, elekea Shangani, Jumapili saa mbili usiku. Hukosi kumkuta fundi viyoyozi juu ya ngazi, simu inayowaka tochi ameibana kwa meno. Alipigiwa akiwa Magomeni anakula na watoto wake, akaambiwa apite mara moja tu, aangalie. Ameangalia, amefungua, amesafisha, amekuta waya umeliwa na chumvi ya bahari, ameukata, ameuunga upya, amefunga. Kiyoyozi kinapuliza baridi. Anashuka, anapewa maji ya kunywa, asante nyingi na elfu mbili ya bodaboda. Saa mbili za usiku wa mapumziko zimekwenda, na pale nyumbani hakuna aliyedhani kwamba zina bei. Pengine hata yeye mwenyewe hakudhani.

Mimi nasema zina bei, na nasema wa kuitaja bei hiyo ni fundi mwenyewe, kabla hajatoka nyumbani. Mtu aliyejiajiri hana sheria inayomlindia saa zake. Sheria yake ni makubaliano aliyofanya na mteja kabla ya kushika bisibisi. Asipoyafanya, jioni zake, Jumapili zake na Idi zake zinakuwa mali ya kila mwenye namba yake ya simu.

Anayeijua Mtwara anajua kwamba "kupita mara moja" hakumalizwi kwa dakika kumi. Msangamkuu ni ng'ambo ya maji. Fundi anasubiri kivuko, MV Mafanikio, anavuka na begi la vifaa, na kazi ikimchelewesha anahangaika na mtumbwi au anatafuta pa kulala. Njia ya Msimbati ina mchanga unaoyumbisha pikipiki. Kilambo, kule kwenye kivuko cha Mto Ruvuma cha kuendea Msumbiji, ni safari ya kula nusu siku. Mwenye nyumba ya wageni ufukweni akipiga simu kwamba pampu ya maji imegoma, yeye anaiona kazi ya kubadili kapasita. Fundi anaona kwenda kuifungua pampu, kurudi mjini kununua kapasita, kukuta duka limefunga kwa swala ya Ijumaa, kusubiri, kurudi tena Msimbati, kuifunga, na kukaa nusu saa akihakikisha haizimiki. Mkono wa kufunga kapasita ulifanya kazi dakika kumi na tano. Siku nzima imeondoka.

Ukanda huu wote, kuanzia Mikindani hadi Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, ni ukanda wa chumvi. Upepo wa bahari unakula mabati, nati, waya wa shaba na mapezi ya viyoyozi. Vitu huharibika kwa wingi na kwa ghafla, na fundi hatafutwi kwa miadi. Anatafutwa kwa kelele. Juu ya hapo kuna umeme. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikuwa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya gesi ya hapa hapa, na mtambo ulipoyumba mji mzima uliyumba. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, friza za wauza samaki ndizo huumia kwanza. Mama mwenye friza iliyojaa pweza na changu hawezi kungoja Jumatatu. Hiyo ni dharura ya kweli, na fundi friji anayeamka saa tano usiku kuiokoa anaokoa mtaji wa mtu. Huyo ndiye ningependa alipwe kuliko wote, kwa kuwa thamani ya alichookoa inaonekana kwa macho. Na huyo ndiye mara nyingi huambiwa, "Fundi, biashara yenyewe unaiona ilivyo, utanifikiria."

Ipo kazi nyingine ambayo haihesabiwi kabisa: ile ya kuangalia. Fundi anaitwa jioni atazame ukuta unaovuja, agundue bomba limepasuka wapi, aeleze vifaa gani vinunuliwe na kwa bei gani. Anaandika orodha, anaiacha mezani. Wiki inayofuata anasikia kazi amepewa mwingine aliyetaja bei ya chini, akitumia orodha ile ile. Daktari akikupima akakwambia una malaria, umeshamlipa hata kama dawa utanunua duka jingine. Kugundua tatizo ni nusu ya ufundi, na mara nyingi ni nusu iliyo ngumu zaidi.

Tuje kwenye sheria, maana hapa watu wengi huchanganya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha kawaida cha saa 45 za kazi kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6. Muda wa ziada lazima uwe wa makubaliano, usizidi saa 50 katika wiki nne, na ulipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inahesabiwa kuwa ya usiku na ina nyongeza ya asilimia 5. Siku ya mapumziko ya wiki na siku ya sikukuu, saa hulipwa mara mbili.

Maneno hayo mazuri yanamhusu mwajiriwa. Fundi aliyechukua kazi yako kama mkandarasi hamo. Anaweza kukesha wiki nzima juu ya paa lako na asiwepo ofisa kazi wa kuuliza. Ndiyo maana nasema makubaliano yake ndiyo sheria yake.

Lakini kuna watu wanaoitwa wakandarasi ambao kwa macho ya sheria ni waajiriwa, na hao wanapaswa kujua. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya haya: namna yake ya kufanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi na mtu huyo, au hana mwingine anayemfanyia kazi. Soma tena orodha hiyo ukimfikiria yule kijana wa matengenezo kwenye nyumba ya wageni, anayefika kila asubuhi, anayetumia spana za tajiri, anayepigiwa saa sita usiku mgeni akikosa maji, na ambaye karatasi yake imeandikwa "mkandarasi". Karatasi inasema hivyo. Maisha yake yanasema vingine. Huyo anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapa hapa Mtwara, akadai muda wake wa ziada. Asichelewe tu, kwa kuwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanapaswa kufikishwa ndani ya siku 60.

Na kwa fundi aliye mkandarasi kweli, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikumwacha mtupu. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Na kifungu cha 70 kinasema mtu akikufanyia jambo halali bila kukusudia kuwa la bure, nawe ukafaidika nalo, unawajibika kumlipa. Tatizo ni kuthibitisha kwamba hakukusudia bure. Aliyeitwa mara kumi usiku na mara zote kumi akapokea asante bila kusema neno, mteja atasema huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Kunyamaza kumeshageuka makubaliano.

Ufundi wa Mtwara umekua haraka kuliko desturi zake za malipo. Kati ya mwaka 2012 na 2015 mkoa ulipata bomba la gesi la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, kiwanda cha saruji cha Dangote pale Msijute, na kampuni za kutafuta gesi baharini zilizoifanya bandari kuwa kituo chao. Nyumba za kupanga na hoteli ziliota Shangani na Mikindani. Vijana wengi walionja kazi ya mkataba wa kimataifa kwa mara ya kwanza, kazi ya zamu inayoanza na kuisha kwa dakika, yenye karatasi ya saa inayosainiwa kila siku. Kwenye uchimbaji wa baharini, meli ya kuchimba ikisimama kwa sababu ya mawimbi au kwa kungoja kifaa, mkataba una kiwango cha kulipia kusimama huko. Kusubiri kuna bei hata kwa tajiri wa mafuta. Kampuni nyingi ziliondoka, na vijana wakarudi mtaani kufunga umeme na kupaka rangi kwa maneno ya mdomo. Ujuzi wa mikono walibaki nao. Ile karatasi ya saa haikubaki.

Kisha yakaja madarasa. Oktoba 2021 Serikali ilitangaza matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, katika mpango wa kukabiliana na UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga vyumba vya madarasa 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi nchi nzima, kila chumba kwa shilingi milioni 20, samani zikiwemo, na vyote viwe tayari wanafunzi watakapofungua Januari 2022. Mwaka uliofuata vikaja vingine 8,000 kwa mtindo huo. Ni kazi ya kujivunia, na mzazi yeyote aliyewahi kuona watoto mia wamebanana chumba kimoja hawezi kuibeza. Njia iliyotumika ilikuwa force akaunti: shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kinaingia makubaliano na fundi wa jirani kwa bei ya ufundi tu, kwa jumla.

Sasa tazama hesabu ya fundi huyo. Amekubali ufundi wa darasa kwa bei moja isiyobadilika. Wasaidizi wake anawalipa kwa siku, kwa kuwa kibarua wa Mtwara analala na posho yake mkononi. Saruji ikichelewa siku nne, wasaidizi wamekaa kivulini na bado wanataka kula. Saruji ikifika, muda umebana, viongozi wanapita kwenye eneo la ujenzi na agizo ni kazi iende usiku na mchana. Usiku una watu wake wa kulipa, una taa, una mafuta ya jenereta, una chai na maandazi ya saa nane. Kama makubaliano yalitaja darasa tu, bila kutaja usiku wala siku za kungoja vifaa, gharama hizo zote zinatoka ndani ya bei ile ile ya jumla. Aliyetoa agizo hakuongeza shilingi. Fundi ndiye ameufadhili mwendo kasi wa mradi wa Serikali, kutoka mfukoni mwake, na kwenye taarifa ya mradi hatajwi kama mfadhili.

Nimekuwa nikisikia watu wakijibu kwamba fundi mwenyewe alikubali. Ni kweli, alikubali darasa. Usiku uliongezwa baadaye. Kwenye mikataba ya makandarasi wakubwa, waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mabadiliko ya kazi hutolewa kwa maandishi na huwa na bei yake. Mkandarasi wa barabara haongezi hata mtaro bila karatasi. Sioni kwa nini mjenzi wa darasa la kijijini, ambaye mtaji wake wote ni pima maji na baiskeli, ndiye aongeze kila kitu kwa heshima.

Jambo hili lina historia ndefu katika pwani hii kuliko tunavyokumbuka. Mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, enzi za Wajerumani na baadaye Waingereza, yalivuta vibarua wengi, wakiwemo Wamakonde na Wamavia waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Walipewa kipande, kadi yenye visanduku 30. Kila siku kibarua alipomaliza kazi aliyopimiwa alitiwa alama kwenye kisanduku kimoja, na mshahara ulitoka visanduku vyote 30 vilipojaa. Asiyemaliza kipimo cha siku hakutiwa alama, hata kama jasho lilimtoka toka alfajiri. Mnyapara ndiye aliyeshika kalamu. Nguvu yote ya mfumo ule ilikuwa hapo: anayefanya kazi siye anayeandika saa. Leo hakuna mnyapara mtaani Chuno wala Likombe, lakini fundi asiyeandika saa zake bado anamwachia mteja kalamu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na dukani tunalitii neno hilo kila siku. Muuza duka wa Soko Kuu ana daftari la madeni lenye jina la kila jirani, na hakuna anayeona ni dharau. Fundi akitoa daftari, anaonekana amebadilika.

Wateja nao wana lao, na ni la haki. Wengi wameumizwa. Fundi alichukua advansi ya nusu, akaonekana siku mbili, simu ikawa haipatikani. Mwingine alibadili waya mzuri kwa wa bei rahisi. Kwa hiyo fundi anapoanza kusema habari ya bei ya usiku, mteja anasikia njia mpya ya kuliwa. Ndiyo maana mpaka wa saa hauwezi kusimama peke yake. Lazima usimame pamoja na ahadi. Kazi iliyoharibika kwa kosa la fundi irudiwe bure, saa yoyote, hata usiku wa manane, hata kama ni kuvuka tena Msangamkuu. Ukiunga waya vibaya na ukaleta moto, hudai ovataimu ya kuuzima. Fundi anayeshika upande huu wa makubaliano kwa ukali ana uso wa kudai upande mwingine.

Pia kuna msimu. Huku kusini fedha ina majira yake. Nyumba nyingi hupandishwa korosho zinapouzwa na husimama mnada ukikwama. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakapitia uhakiki mrefu. Kila aliyekuwa akimtegemea mkulima alingoja naye, fundi akiwemo. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kelele za nyundo zikarudi vijijini. Kwa hiyo neno "tutalipana korosho zikitoka" halina ubaya, ni mkopo unaoeleweka. Ubaya ni kwamba linabeba ndani yake kazi ambazo hazikutajwa: mlango ulioongezwa, ukuta uliosogezwa, Jumapili tatu za kumwagilia zege. Siku ya malipo mkulima anakumbuka bei ya mwezi wa tano. Fundi anakumbuka kazi yote. Wote wawili wanasema kweli, na urafiki unavunjika kwa sababu hakuna aliyeandika.

Kuandika kwenyewe hakuhitaji wakili. Ukurasa mmoja wa kaunta buku unatosha, na unaweza kusomeka hivi: "Nimekubaliana na mwenye nyumba kufunga umeme vyumba vitatu, Likombe, kwa ufundi wa shilingi 600,000. Nafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nikiitwa nje ya saa hizo au Jumapili, kutoka nyumbani ni shilingi 10,000 na kila saa ni 5,000. Vifaa vikichelewa zaidi ya siku mbili, wasaidizi wanalipwa na mwenye nyumba. Kazi isiyoandikwa hapa ina bei yake. Kosa la mkono wangu ndani ya miezi mitatu narekebisha bure." Sahihi mbili, shahidi mmoja, ambaye anaweza kuwa mjumbe au jirani, na kila mmoja anapiga picha kwa simu yake. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu na picha ya karatasi vinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi, kwa masharti yake. Mahakama ya mwanzo iliyo karibu inajua kusoma ukurasa kama huo.

Hiyo 5,000 haikutoka hewani. Chukua fundi anayetoza 30,000 kwa siku ya saa tisa. Saa yake moja ni kama 3,300. Ukiipigia mara moja na nusu, kipimo kile kile ambacho sheria inampa mwajiriwa, unapata 5,000. Fundi anayeweza kueleza bei yake kwa hesabu hiyo hana haja ya kupandisha sauti.

Ugumu mkubwa, najua, uko kwenye kulisema kwa mtu unayemheshimu. Mteja ni mama uliyesoma na mwanawe. Ni mzee wa msikiti. Ni shemeji. Anapopiga simu saa tatu usiku hawezi kujibiwa kama karani wa benki. Lakini lugha yetu ina upole wa kutosha kubeba bei. "Shikamoo mama. Ujumbe nimeuona. Leo nimeshafunga kazi, kesho saa mbili asubuhi nitakuwa kwako. Kama ni la kungojea, lala salama, zima swichi kuu tu. Kama ni dharura ya usiku huu, kutoka ni 10,000 na saa ni 5,000. Nianze safari?" Hakuna tusi hapo, hakuna kiburi. Kuna salamu, kuna ushauri wa bure unaomwacha salama, kuna njia mbili, na uamuzi ameachiwa yeye. Dharura nyingi za usiku zitageuka kuwa kazi za kesho saa mbili. Zile chache zitakazobaki zitakuwa dharura kweli, na zitalipiwa.

Na ziko saa ambazo fundi mwenyewe ataamua kutoa bure, na hiyo ni haki yake. Taa za msibani hazina bei. Maji yakikatika kwenye nyumba ya mgonjwa aliyetoka hospitali ya Ligula jana, mtu huchukua spana na kwenda. Mji wa Mtwara unaishi kwa mambo hayo na ningehuzunika yakitoweka. Ila sadaka anaitoa mwenye mali. Ikichukuliwa kabla hajaitoa, au ikidaiwa kila Jumapili kama zamu, imekuwa kitu kingine. Fundi mwenye bei ya usiku iliyo wazi akisema "hii mama, nimekusamehe", yule mama anajua amesamehewa nini.

Duniani mjadala huu umeshika upande wa waajiriwa. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni kubwa zizungumze na wafanyakazi juu ya haki ya kutojibu simu na barua pepe za kazi baada ya saa za kazi. Australia ilifuata Agosti 2024. Jirani zetu Kenya waliupeleka mswada wa namna hiyo katika Seneti mwaka 2022. Ni hatua njema, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayomfikia mtu anayefanya kazi kwa begi lake mwenyewe. Ukiisoma hali ya Mtwara, ambako mjenzi, fundi bomba, fundi simu, fundi cherehani wa msimu wa sare na mpiga picha wa harusi wote ni watu wa namna hiyo, utaona kwamba kungojea sheria ya kutojibu simu ni kungojea meli isiyopita huku.

Kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la halmashauri. Fomu za makubaliano na mafundi wa force akaunti ziongezewe mistari miwili: malipo ya siku za kusubiri vifaa, na malipo ya kazi ya usiku au Jumapili inapoagizwa. Mkurugenzi anayetaka darasa likamilike kabla ya Januari ana haki ya kuagiza usiku, na akiuagiza aulipie. Makadirio ya milioni 20 yanaweza kupangwa upya yakabeba hilo, au mradi uanze mwezi mmoja mapema. La pili ni la vyuo. VETA Mtwara inafundisha kufunga saketi na kuunga bomba vizuri sana. Iongeze wiki ya kufundisha kijana kukadiria, kuandika ukurasa mmoja wa makubaliano na kuutetea mbele ya mtu mzima bila kumvunjia heshima. Anayehitimu bila ujuzi huo anatoka na nusu ya fani.

Kwako msomaji, unayeishi Shangani au Mkanaledi, mwenye namba za mafundi watatu kwenye simu: safari ijayo utakapompigia mmoja wao baada ya magharibi, kabla ya kueleza kilichoharibika, muulize kutoka nyumbani ni shilingi ngapi. Akisema "usijali bosi, tutaangaliana", usikubali. Mwambie ataje.